Makadirio Kabla ya Filimbi

Katibu wa ligi kanitumia karatasi yenye nafasi nane:
"Mwalimu, zipange timu, ya kwanza hadi ya mwisho,
niipate kabla ya Ijumaa."
Nane. Kana kwamba magongo yanajua kuhesabu.

Haya. Wa kwanza ni Tumbawe, kule Masaki.
Nyasi za plastiki, kijani hata kiangazi,
mashine ya kurusha mipira, basi lenye kiyoyozi.
Mwaka jana walitufunga kwa penalti, dakika ya mwisho;
hilo naliandika bila kinyongo,
au kwa kinyongo kidogo tu.

Wa pili, Pugu Juu. Hawana nyasi, wana mapafu.
Kilima kile wanakipanda alfajiri na ndoo kichwani.
Dakika ya hamsini wewe unapumulia mdomo,
wao wanakuuliza kwa adabu kabisa,
"Dada, umechoka?"

Kigamboni wangekuwa wa tatu, wakiliwahi pantoni.
Msimu uliopita alama sita ziliwapotea bila kucheza:
pantoni limegoma, nauli ya kuzunguka darajani hakuna,
nahodha wao yuko ng'ambo, ananipigia simu:
"Mwalimu, tumeshavaa. Tusubirini."

Wa nane nawajua. Tabata, shule mpya,
wanaoshika gongo kama mwiko wa ugali.
Watafungwa kumi. Msiwacheke:
kila anayesonga leo alianza kwa kuunguza.

Sasa sisi, Buguruni Relini.
Uwanja wetu ni mchanga juu ya changarawe,
mpira unaruka kama una ugomvi wake binafsi.
Fundi Chambuso wa Keko katuchongea magongo ya mninga
kumi na manne, kwa bei ya vitanda viwili.
Mazito. Lakini yakigonga, mtaa mzima unajua.
Mbele tunaye Nyamizi, kona fupi anaipiga chini chini, kama anafagia.
Tumsifu karudi likizo kutoka Rombo amerefuka,
jezi ya mwaka jana inamwishia kitovuni.
Nyuma, Kuruthumu. Hasemi. Anasimama tu,
kama kaunta ya benki.

Na golini.

Golini niliandika Bhoke, nikafuta.
Tumbawe walimfuata Desemba: ada yote, bweni, viatu.
Mama yake alikuja ofisini, barua kaishika kwa mikono miwili,
akaniuliza kama ni dhambi.
Nikamwambia, mama, saini.
Kalamu nilimpa mimi.

Jumamosi iliyopita kaja na kiroba.
Ndani, kinga za miguu tulizomshonea
kwa godoro kuukuu na mikanda ya mabegi.
Amezifua. Sponji bado mbichi.
Nilidhani ataziacha mlangoni, aende zake.
Akamwita Sikudhani, wa kidato cha pili,
mwoga hata wa mpira wa makaratasi,
akamwangusha mchangani mara arobaini.
"Si hivyo. Anguka kama umeamua.
Namba tisa wao akiinamisha bega,
usidanganyike: anapiga kulia kwako."

Kuruthumu, asiyesema, akasema:
"Wao? Si ni nyinyi sasa?"

Bhoke akakung'uta magoti, goti moja, kisha lile jingine,
akauliza kama leo bomba linatoa maji.

Katibu kapiga simu mara mbili.
Nimejaza nafasi saba. Moja naizunguka kwa penseli
kama mtu anayetafuta mlango gizani.
"Weka chochote, mwalimu, ni makadirio tu."

Mechi ya kwanza, Jumamosi, saa kumi. Tumbawe, hapa kwetu.
Basi lao halitapita huku relini, watashuka watembee,
na Bhoke ndiye atakayewaonyesha njia.
Nimenunua chokaa ya mistari, mifuko miwili.
Sikudhani sasa anaanguka vizuri kushoto.
Kulia, bado.